Kyaka na Mostar: Anayevunja daraja anataka mto uwe mpaka



Makala haya yanahusu madaraja mawili yaliyovunjwa vitani, kisha yakajengwa upya. La kwanza ni letu wenyewe, daraja la Kyaka juu ya mto Kagera, lililolipuliwa Novemba 1978. La pili liko mbali, katika mji wa Mostar nchini Bosnia. Hilo liliangushwa Novemba 1993 na likafunguliwa tena mwaka 2004. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa Bagamoyo, na nimeona kuwa vijana wetu wengi hawana habari kabisa na la kwanza. La pili wamelisikia kidogo, kama kisa kimoja miongoni mwa visa vya Waislamu kudhulumiwa. Nia yangu ni kuyaweka yote mawili mezani kwa pamoja, kwani ukisoma moja ukaacha jingine unabaki na nusu ya funzo, na nusu ya funzo mara nyingine hupotosha kuliko ujinga.

Sisi watu wa Pwani na mito yetu

Watu wa huku hawahitaji kuelezwa sana faida ya daraja. Anayetoka Bagamoyo kwenda Msata hana budi avuke Ruvu, mto ambao sehemu zake za chini vitabu vya zamani viliuita Kingani. Anayetoka Chalinze kwenda Tanga hana budi avuke Wami. Kabla ya barabara ya lami ya kilomita 64 kutoka Makofia hadi Msata kukamilika katika miaka ya 2010, safari ya kutoka hapa kwenda Tanga wakati wa masika ilikuwa ni kuzungukia upande wa Dar es Salaam, ingawa kwenye ramani njia fupi inaonekana. Na pale Wami kwa miaka mingi palikuwa na daraja jembamba, gari la upande mmoja likisubiri la upande wa pili lipite, mpaka lilipofunguliwa daraja jipya mwaka 2022.

Hata habari ya kuvunja madaraja vitani si ngeni katika nchi hii. Agosti 1916 Waingereza waliteremsha askari hapa hapa Bagamoyo, na tarehe 4 Septemba mwaka huo Dar es Salaam ikasalimu amri. Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kufuata reli ya kati walivunja madaraja ya reli ile ile waliyoijenga wao wenyewe, reli ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, miaka miwili tu nyuma. Jasho la kuyajenga lilikuwa la Waafrika, na jasho la kuyarudisha likawa la Waafrika pia. Vita vyenyewe vilikuwa vya Wazungu kwa Wazungu.

Mvunjaji wa mwaka 1916 alitaka kumchelewesha adui njiani, basi. Kyaka na Mostar kulikuwa na jambo jingine la ziada.

Kyaka, Novemba 1978

Ukitazama ramani ya mkoa wa Kagera utaona jambo lisilo la kawaida. Mpaka wetu na Uganda haufuati mto. Ni mstari ulionyooka, uliochorwa kwenye nyuzi moja kusini ya Ikweta baada ya Mjerumani na Mwingereza kukubaliana mwaka 1890. Waliokubaliana hawakuwauliza wenyeji. Matokeo yake ni kwamba mto Kagera unapita ndani ya Tanzania, na kaskazini yake kuna ardhi yetu ya takriban kilomita za mraba 1,800, yenye vijiji, mashamba na mifugo. Daraja la Kyaka, kilomita 30 hivi kutoka Mutukula mpakani, ndilo lililowaunganisha watu wa ardhi hiyo na nchi yao.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka sehemu hiyo mpaka ukingoni mwa mto. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote kaskazini ya Kagera sasa ni ya Uganda na kwamba mto ndio mpaka. Siku iliyofuata, tarehe 2 Novemba, Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kuwa tunaingia vitani, katika ile hotuba ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa maneno matatu: uwezo, sababu na nia.

Tarehe 3 Novemba daraja likavunjwa. Ndege za Amin zilikuwa zimejaribu kulipiga kwa mabomu zikashindwa. Ndipo alipoletwa fundi wa baruti kutoka migodi ya shaba ya Kilembe, akafunga baruti kwenye nguzo, na daraja likaanguka mtoni.

Tuutazame mpangilio wa siku hizo tatu. Siku ya kwanza ni tamko la kwamba mto ni mpaka. Siku ya tatu ni baruti. Kauli iliyotolewa redioni ilikuwa haina maana yoyote maadamu watu walikuwa wakivuka. Daraja lilikuwa linamkadhibisha Amin kila saa, kila mama aliyepita na mkungu wa ndizi na kila mfanyabiashara aliyepita na baiskeli yake alikuwa shahidi dhidi yake. Kwa hiyo ilibidi daraja lianguke ili tamko lionekane kuwa la kweli.

Kule kaskazini ya mto watu waliuawa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni raia 1,500, na wengine wapatao 40,000 walikimbia makazi yao. Ng'ombe waliswagwa kuvushwa mpaka, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa.

Ndani ya Novemba hiyo hiyo wahandisi wa jeshi letu waliweka daraja la muda mahali pa lile lililoanguka, na wanajeshi wakavuka. Kampala ilitekwa Aprili 1979, na vita vikamalizika mwanzoni mwa Juni mwaka huo. Kisha ikaja ile miezi 18 ya kufunga mikanda ambayo kwa walioiishi ilikuwa mirefu zaidi ya miezi 18. Leo msafiri anayetoka Bukoba kwenda Mutukula anavuka Kagera pale Kyaka juu ya daraja la kudumu, na wengi wanapita bila kuteremsha kioo cha gari. Wanajeshi wetu wengi waliokufa katika vita hivyo wamezikwa Kaboya, mkoani humo humo.

Swali gumu: sisi tulikuwa upande gani?

Nilipofundisha habari hii kidato cha tatu, mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo darasa zima lilinyamaza kusubiri jibu lake. Alisema: "Mwalimu, Amin si alikuwa Muislamu? Sasa Waislamu wa Tanzania walikuwa upande gani?"

Swali hili lisipuuzwe, wala kijana asikemewe kwa kuliuliza. Ni kweli Amin alikuwa Muislamu. Ni kweli aliiingiza Uganda katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwaka 1974. Ni kweli Libya ilipeleka askari kumsaidia mwaka 1979, na wapo waliotaka vita vile vionekane kuwa ni vita vya Uislamu na Ukristo. Alifia Jeddah Agosti 2003 akiwa mkimbizi.

Jibu langu lilikuwa na sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza: aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Tanzania katika vita hivyo ni Jenerali Abdallah Twalipo. Jina lake linatosha kujibu. Waliovuka mto chini yake walikuwa Waislamu na Wakristo, na waliochomewa nyumba kaskazini ya Kagera walikuwa Waislamu na Wakristo vile vile. Risasi haikumuuliza mtu anaswali wapi. Na dini yetu haikutufundisha kumtetea dhalimu kwa sababu tu anaitwa jina tunaloliitana sisi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kumsaidia ndugu aliye dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Kwa maana hiyo askari wetu aliyemzuia Amin asiendelee alimfanyia wema hata Amin mwenyewe.

Sehemu ya pili ni ile ambayo vitabu vya shule havina nafasi nayo. Amin alipoanguka, wako Waislamu wa Uganda walioulipia utawala wake kwa damu zao. Katika Ankole, magharibi ya nchi ile, Waislamu waliuawa mwaka 1979 kwa hesabu ya kwamba hao ni watu wa Amin. Wakulima na wachuuzi ambao hawakuwahi kushika bunduki, na ambao wengine walikuwa wameumizwa na utawala ule ule, walihukumiwa kwa majina yao. Waliowaua walikuwa majirani.

Hapo ndipo nilipowaambia vijana kwamba Kyaka kuna madaraja mawili yaliyovunjika. La chuma na saruji liliwekewa mbadala ndani ya wiki chache. Lile la jirani na jirani halina wahandisi wa jeshi.

Mostar: daraja la miaka 427

Sasa tuhamie Bosnia, ambako mambo yalikwenda kinyume: huko waliovunjiwa ndio waliokuwa Waislamu.

Mostar ni mji uliopewa jina na daraja. Walinzi wa daraja katika lugha ya huko waliitwa mostari, na mji ukaitwa kwa jina lao. Kulikuwa na daraja la mbao lililoning'inizwa kwa minyororo, likitetemeka kiasi cha watu kuogopa kulivuka. Mwaka 1557 Sultan Sulaiman wa Dola ya Uthmaniya aliamuru lijengwe la mawe, na kazi ikapewa Mimar Hayruddin, mwanafunzi wa mjenzi mkuu wa dola hiyo, Mimar Sinan. Lilikamilika mwaka 974 Hijria, yaani 1566. Lilikuwa tao moja tu la mawe, karibu mita 30 kutoka ukingo hadi ukingo, bila nguzo hata moja ndani ya maji. Mawe yalichongwa kutoka machimbo ya karibu na mji, yakashikanishwa kwa vibanio vya chuma vilivyomiminiwa risasi iliyoyeyushwa. Hekaya ya wenyeji inasema Hayruddin aliambiwa akishindwa atauawa, naye siku ya kuondoa jukwaa la mbao akaondoka mjini, asithubutu kutazama. Tao likasimama. Likasimama miaka 427.

Kwa miaka yote hiyo Waislamu, Wakroatia Wakatoliki, Waserbia Waorthodoksi na Mayahudi wa mji huo walilivuka. Vijana walikuwa wakiruka kutoka juu yake kuingia mto Neretva, kushindana ushujaa, kama vijana wetu wanavyoruka kutoka gatini.

Bosnia ilijitangazia uhuru Machi 1992. Mostar iliposhambuliwa kwanza na majeshi ya upande wa Waserbia, Waislamu na Wakroatia waliulinda mji pamoja. Mei 1993 hao waliokuwa pamoja wakageuziana bunduki. Mji ukagawika: Wakroatia magharibi, Waislamu mashariki pamoja na kipande chembamba ng'ambo ya mto. Madaraja mengine ya mji yalikuwa yameshavunjwa, na hili la zamani ndilo lililobaki kuwaunganisha Waislamu wa kile kipande na wenzao. Watu walilivuka usiku kutafuta maji, huku wamelizungushia mabati, mbao na matairi ili kulikinga na makombora. Tarehe 9 Novemba 1993, baada ya vifaru vya jeshi la Wakroatia wa Bosnia kulipiga kwa muda mrefu, lilianguka Neretva.

Hapa kuna jambo ambalo sisi Waislamu hatupendi sana kulisimulia, nalo lazima lisemwe. Mahakama ya kimataifa iliyoundwa kwa ajili ya iliyokuwa Yugoslavia iliwahukumu viongozi sita wa Wakroatia wa Bosnia mwaka 2013, na kubomoa daraja kulikuwa miongoni mwa makosa yao. Lakini katika rufaa, Novemba 2017, sehemu hiyo ilifutwa. Majaji walisema kwamba daraja lilitumiwa pia na wapiganaji, kwa hiyo lilikuwa shabaha halali ya kivita. Hukumu zao kwa makosa mengine mengi zilibaki. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa hukumu hiyo. Ila akisimulia kisa cha Mostar akaificha, atakuwa anatoa ushahidi nusu, na sisi tumeamrishwa kutoa ushahidi kamili hata kama ni dhidi ya nafsi zetu.

Walivyolijenga upya

Vita vya Waislamu na Wakroatia vilisimama kwa mapatano ya Machi 1994. Katika pengo la daraja watu walining'iniza njia ya muda ya kamba za chuma, ikawa kama lile la kale la minyororo limerudi. Wazamiaji wa jeshi la Hungary waliyatoa mawe mtoni. Wajenzi wakaona yameharibika mno hayafai tena kubeba tao. Wangeweza kumwaga zege wakamaliza mapema, lakini walirudi kwenye aina ile ile ya mawe ya mwanzo, wakayachonga na kuyashikanisha kwa vibanio vya chuma na risasi kama alivyofanya Hayruddin.

Kazi ya ujenzi ilianza mwaka 2001 chini ya usimamizi wa UNESCO na Benki ya Dunia, na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukisaidia kukarabati mitaa ya jirani. Kampuni ya ujenzi ilitoka Uturuki. Fedha zilitoka Uturuki, Italia, Uholanzi na kwingineko, na katika orodha ya wachangiaji imo Croatia, nchi iliyokuwa nyuma ya jeshi lililolivunja. Wapo watakaosema fedha hiyo si kitu mbele ya damu, na ni kweli si kitu. Lakini mvunjaji kushiriki katika kujenga ni aina ya kukiri, na ni afadhali kuliko aliyevunja akakaa kimya.

Daraja lilifunguliwa tarehe 23 Julai 2004, na Julai 2005 likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Je, mji uliungana? Hapana, si kwa kiasi kilichotarajiwa. Mostar ilikaa bila kufanya uchaguzi wa madiwani kutoka 2008 mpaka Desemba 2020, kwa sababu vyama vya pande mbili vilishindwa kukubaliana juu ya utaratibu wa kupiga kura. Ipo shule maarufu ya sekondari ambamo watoto wa pande hizo mbili wanaingia mlango mmoja lakini wanasomeshwa mitaala miwili. Kama mwalimu, jambo hili limenigusa kuliko habari ya mawe. Tao la mita 30 lilijengwa kwa miaka mitatu, lakini darasa moja la historia limewashinda kwa miaka thelathini.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tujue daraja huvunjwa na nani. Amin alitaka Kagera iwe mpaka. Waliolipiga daraja la Mostar walitaka mji wa upande mmoja. Mmoja alikuwa na jina la Kiislamu, wengine walikuwa Wakristo, na kazi yao ilikuwa moja. Anayewasomesha watoto kwamba dhulma ina dini yake maalumu, iwe ni dini ya jirani au yoyote nyingine, anawaficha nusu ya historia.

Pili, sisi ambao tunalalamika, tena kwa haki, tunapotazamwa kwa shaka kwa sababu ya majina yetu na mavazi yetu kila linapotokea tukio la ugaidi mahali fulani duniani, tuwe wa mwanzo kukataa kumhukumu mtu kwa jina. Waislamu wa Ankole waliuawa kwa hesabu hiyo. Qur'an, katika Suratul Maidah, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Amri hiyo haikuwekewa sharti la kwamba wao watangulie kuwa waadilifu kwetu.

Tatu, daraja la pili linajengwa na watu wanaoonana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa mwaka 1977, mwaka mmoja kabla ya Kyaka kulipuliwa. Mkataba mpya ulisainiwa Novemba 1999. Mwaka 2017 kikafunguliwa Mutukula kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri anahudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Njia ile ile waliyopita askari wa Amin, leo wanapita wachuuzi na wanafunzi. Hakuna muujiza wowote hapo. Ni watu waliokaa wakazungumza kwa miaka zaidi ya ishirini.

Nne, na hili ni kwa walimu wenzangu wa madrasa na wa shule. Tuifundishe Kyaka. Wazee waliopigana wapo katika mitaa yetu, hapa Bagamoyo na huko Dar es Salaam, na kila mwaka tunawazika. Tuwaite waje darasani wazungumze kabla hawajaisha. Tuwaombe watusimulie walivyoishi na wenzao wa dini nyingine katika handaki moja, na walivyowakuta raia wa Uganda, Waislamu na wasio Waislamu. Kijana akilisikia hilo kwa mtu aliyekuwepo, hatatafuta jibu la lile swali kwa mchochezi.

Katika historia ya Waislamu, madaraja na visima vilijengwa kwa mali za wakfu, mwenye mali akitaraji sadaka yenye kuendelea baada ya kufa kwake, na aliyevuka hakuulizwa dini yake. Sisi wengi hatuna mali ya kujenga daraja juu ya Ruvu wala Wami. Lakini kila mmoja wetu ana jirani, na watoto wetu wanatusikia tunavyomtaja jirani huyo tukiwa mezani.

Wabillahi tawfiq.